Mafuta ya Turkana: Mbona hatuulizi kuhusu yale yatakayobaki chini?

Kila mara mafuta ya Turkana yakitajwa, mjadala wetu huwa ule ule. Malori au bomba? Kaunti itapata ngapi? Ile asilimia 5 ya jamii itaingia kwa mfuko wa nani? Ni maswali mazuri, sina shida nayo. Lakini kuna moja ambalo sijaliona likitrendi X, sijalisikia redioni, na wanasiasa wetu hawaligusi kabisa: kati ya mafuta yote yaliyo chini pale Lokichar, ni mangapi yatawahi kutoka?

Mwaka 2021, Tullow na washirika wake walipofanyia mpango wao marekebisho, makadirio yalikuwa kwamba chini kuna takriban mapipa bilioni 2.85. Yaliyohesabiwa kuwa yanaweza kutolewa yalikuwa milioni 585. Toa simu upige hesabu. Ni kama asilimia 20. Yaani katika kila mapipa matano, manne yanabaki huko huko chini.

Nikitaja hizo namba mtaani, mtu wa kwanza husema kuna mtu anaficha mengine. Hapana. Hakuna anayeficha, ni jiwe limeshikilia. Na kuna kemia ya kulilegeza hilo jiwe, kemia ambayo nadhani kila kijana wa Kenya anafaa kuijua kabla haijaletwa hapa na mtu aliyevaa suti akiiuza kama muujiza.

Mimi si injinia. Nilisomea kemia chuoni miaka miwili, karo ikakatika, nikatoka. Maabara tuliyokuwa nayo ilikuwa na mizani moja ya kuaminika, na foleni yake ilishinda ya matatu saa kumi na moja jioni. Kwa hivyo nitaeleza vile naelewa, kwa lugha ya jikoni.

Kwanza, ondoa ile picha ya ziwa jeusi chini ya ardhi. Hakuna ziwa. Mafuta yamo ndani ya mwamba wenye vitundu vidogo, kama sponji ngumu ya mawe. Ukichimba kisima, msukumo wa huko chini unatoa kiasi fulani, halafu nguvu zinaisha. Hapo kampuni huanza kuingiza maji kupitia visima vingine ili yasukume mafuta yaje. Shida ni kwamba maji ni mvivu, yanafuata njia rahisi. Yanapita kwenye vitundu vikubwa na kuacha matone ya mafuta yamekwama kwenye vile vyembamba. Maji na mafuta hayapatani, na pale yanapokutana kuna mvutano kama ngozi iliyokazwa. Tone likifika mahali pembamba, ile ngozi inakataa kujikunja lipite. Duniani kote, kwa wastani, ni kama theluthi moja tu ya mafuta hutoka. Lokichar ilikuwa chini ya hapo hata kwenye karatasi.

Sasa fikiria sufuria uliyokaangia nyama jana usiku ukailalisha bila kuosha. Ukimwaga maji matupu, yanateleza juu ya mafuta na sufuria inabaki vile ilivyokuwa. Ukiweka sabuni, mambo yanabadilika. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, kwa hivyo inasimama katikati ya hawa maadui wawili na kulegeza ule mvutano. Kwenye biashara ya mafuta, sabuni hizi huitwa safaktanti.

Ila sabuni ya kawaida haitoshi. Ili tone litoke kwenye kitundu cha mwamba, mvutano unahitaji kushuka mara elfu moja na zaidi. Hapo ndipo mikroemulsheni inaingia. Maziwa unayajua: ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, lakini ukiyaacha, malai hupanda juu, kwa sababu ule urafiki ni wa kulazimishwa. Mikroemulsheni ni tofauti. Ukichagua safaktanti inayofaa, ukaongeza pombe kidogo ya aina yake, ukapata kiwango cha chumvi na joto sawasawa, maji na mafuta yanachanganyika yenyewe bila kukorogwa sana na hayaachani tena. Matone yake ni madogo kiasi kwamba mwanga unapita, unaona kitu safi kama maji. Neno lenyewe limetumika tangu 1959. Na katika hali fulani mchanganyiko huu unakaa kama tabaka la katikati, maji chini na mafuta juu, na hapo mvutano unakaribia sifuri. Tone lililokuwa limekwama linajinyoosha na kupita.

Kasoro yake ni kwamba inadeka kama mgeni wa mjini. Chumvi ikizidi kidogo, inaharibika. Joto likibadilika, inaharibika. Na mwamba wenyewe unapenda sabuni: safaktanti nyingi hunata kwenye kuta za vitundu kabla ya kufikia mafuta yoyote. Unamwaga pesa chini, mwamba unakunywa.

Chembe nano ndizo zinatajwa siku hizi kama dawa ya hiyo kasoro. Upana wa unywele wako ni kama nanomita 80,000. Chembe ya silika ya nanomita 10 ni ndogo hivi kwamba unaweza kupanga 8,000 kwenye upana wa huo unywele mmoja. Na silika ni mchanga tu jamani, kitu kile kile kilicho kwenye ufuo wa Ziwa Turkana, ila kimetengenezwa kwa udogo wa ajabu. Kwa udogo huo chembe inaingia kwenye vitundu ambavyo vumbi la kawaida lingeviziba. Mwaka 2003, wanasayansi Wasan na Nikolov wa Chicago walionyesha kwamba chembe ndogo za aina hii zikiwa ndani ya kimiminika hujipanga pale pembeni, tone linapogusana na uso ulio chini yake, na kulinyanyua kidogo kidogo. Fikiria kabari ya kupasulia kuni. Pia zinaweza kubadilisha tabia ya mwamba, ule uliopenda mafuta ukaanza kupenda maji. Zikichanganywa na safaktanti, majaribio kadhaa ya maabara yameonyesha sabuni kidogo zaidi inapotea kwenye mwamba.

Tamu, sivyo? Hapa ndipo nakuomba ushike breki.

Karibu kila matokeo mazuri unayosikia yanatoka kwenye kipande cha mwamba cha urefu wa kidole kilichofungwa ndani ya bomba la chuma maabarani. Huko kila kitu kimedhibitiwa. Chini ya ardhi kuna nyufa, kuna udongo, kuna chumvi ambayo hukuiomba. Chembe nano zikikutana na maji moto yenye chumvi hupenda kushikana na kuwa mabonge, na bonge likishakua linaziba kitundu kile kile ulichotaka kukifungua. Saudi Aramco walijaribu karibu mwaka 2010 kuingiza chembe ndogo za kaboni kwenye mwamba wa Arab-D huko Ghawar kisha wakazitoa tena. Zilisafiri salama, na hiyo ni hatua kubwa. Lakini zilitumwa kuthibitisha kwamba zinaweza kusafiri tu. Hazikutumwa kusukuma mafuta.

Halafu kuna kiasi. Nimefanya hesabu hii nyuma ya risiti. Pipa moja ni lita 159. Mapipa milioni moja ya maji ni tani 159,000. Ukitaka chembe za silika kwa kiwango cha asilimia 0.1 tu, unahitaji tani 159. Hizo ni trela sita hivi za bidhaa ya maabara, kwa kila mapipa milioni moja ya maji. Na mgodi mkubwa wa mafuta huingiza mamia ya mamilioni ya mapipa ya maji katika maisha yake. Nani analipa?

Hili swali la pesa si geni. Marekani walizisukuma sana hizi safaktanti na mikroemulsheni miaka ya 1970, baada ya bei kupaa kufuatia vikwazo vya mafuta vya 1973. Kampuni ya Marathon ilikuwa na mradi wake kule Illinois. Kisha 1986 bei ikaporomoka, na miradi mingi ya kemikali ikafungwa moja baada ya nyingine. Sayansi haikuwa imebadilika hata kidogo, bei ndiyo iliyobadilika.

Wachina walivumilia. Kwenye mgodi wa Daqing, uliogunduliwa 1959, wamekuwa wakitumia polima kwa kiwango kikubwa tangu 1996. Polima inafanya maji yawe mazito kama uji mwepesi, yasikimbie yakaacha mafuta nyuma. Baadaye wakaongeza alkali na safaktanti, mafuta yakaongezeka sana, lakini alkali kali ikaleta ukoko mweupe kwenye pampu, kama ule wa birika linalochemshia maji ya chumvi, na kazi ya kuzikarabati haikuisha. Oman nao, ambako wasomaji wangu wa Mombasa mna ndugu, walianza kutumia polima pale Marmul mwaka 2010 kwenye mafuta mazito, baada ya majaribio ya muda mrefu. Somo ninaloliona kwa hao wawili ni uvumilivu, na pia kwamba walijaribu kwenye mwamba wao wenyewe na mafuta yao wenyewe. Hawakununua chupa yenye lebo.

Na mafuta yetu yana tabia zake. Ya Lokichar yamejaa nta. Kwa joto la kawaida la chumba yanaganda kama mafuta ya mgando ya kupikia, au kama rangi ya viatu. Ndiyo maana malori yaliyoanza safari ya Mombasa Juni 2018 yalibeba matangi ya kuhifadhi joto, na ndiyo maana bomba la kwenda Lamu lilipangwa kuwa la kupashwa moto, sawa na lile la Uganda la kilomita 1,443 kwenda Tanga. Huko chini kwenyewe kuna joto, nta imeyeyuka. Lakini ukiingiza maji baridi karibu na kisima, nta inaweza kuganda na kuziba njia. Kwa hivyo mchanganyiko wowote wa kemikali uliofanya maajabu kwenye mafuta mepesi ya Saudia au mazito ya Oman hauna sababu ya kufanya kazi hapa hadi uonyeshwe kwenye mafuta haya.

Kisha maji. Mpango wa Lokichar ulikuwa kuvuta maji kutoka bwawa la Turkwel kwa bomba. Ukitoa pipa la mafuta, unahitaji angalau nafasi yake ijazwe na maji. Sasa fikiria mama anayetembea saa mbili na mtungi kichwani akiona bomba la maji linapita kuelekea kwenye jiwe. Nikiwa mimi, kemia hii ingeniingia kwa sababu moja tu: ikiwa kila lita ya maji itatoa mafuta mengi zaidi, basi maji machache yanapotea bure. Lakini upande wa pili, maji yale sasa yana safaktanti na chembe ndani yake, na sehemu yake hurudi juu pamoja na mafuta. Yanaenda wapi? Kuna safaktanti ambazo ni sumu kwa samaki. Silika ya unga ikiwa kavu haifai kuvutwa na mapafu ya mfanyakazi yeyote. Tunajua tayari vile Turkana huahidiwa. Mwaka 2013 tuliambiwa kuna maji ya kutosha miongo kadhaa chini ya Lotikipi, tukashangilia, kisha vipimo vikaja kuonyesha yana chumvi.

Watu wa Lokichar walishafunga barabara Juni 2018, malori yakasimama hadi Agosti, kwa sababu ya usalama na mgao. Sidhani watakuwa na subira zaidi kwa kemikali ambazo hakuna aliyewatajia majina. Kabla ya tone la kwanza kuingizwa, majina na viwango vyake yawekwe wazi, na visima vya jamii vipimwe ili baadaye kuwe na kitu cha kulinganisha. Hii si roketi. Ni chupa za sampuli na daftari.

Narudi kwa pesa, kwa sababu ndipo vijana wengi huamka. Asilimia moja ya mapipa bilioni 2.85 ni milioni 28.5. Tuseme, kwa mfano tu, pipa ni Dola 60. Hiyo asilimia moja ni Dola bilioni 1.71. Linganisha na shehena yetu ya kwanza ya Agosti 2019, mapipa 200,000 na kitu, iliyouzwa Dola milioni 12. Tullow yenyewe ilitangaza Aprili 2025 kuuza mradi wote kwa Gulf Energy kwa angalau Dola milioni 120, baada ya Total na Africa Oil kujitoa 2023. Kwa hivyo kila hatua ndogo kutoka 20 kwenda 21 ina thamani kuliko kelele nyingi tunazopiga.

Lakini soma mkataba vizuri. Kwenye mikataba ya kugawana uzalishaji, mwekezaji hurudisha gharama zake kwanza kutoka kwa mafuta yenyewe. Kinachobaki ndicho faida, na sehemu ya serikali kwenye faida hiyo ndiyo Sheria ya Petroli ya 2019 inagawa: 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii. Kemikali ni gharama. Trela sita za silika ni gharama. Mshauri wa kigeni wa kuzisimamia ni gharama. Zikifanya kazi, sote tunafaidi. Zikikosa kufanya kazi, bado zinakatwa juu kabla ya mwanakijiji wa Lokichar kuona senti yake. Ndiyo maana mimi siwezi kuunga mkono teknolojia hii iingie bila mtu huru, asiyelipwa na muuzaji, kuipima.

Huyo mtu huru atoke wapi? Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Mwaka 2018, Equinor ya Norway iliweka hadharani data ya mgodi mzima wa mafuta unaoitwa Volve, uliofanya kazi kati ya 2008 na 2016 na kutoa asilimia 54 ya mafuta yaliyokuwa chini. Mafaili karibu 40,000. Mtu yeyote anaweza kuyapakua. Mimi nimeyapakua, nikiwa Umoja, kwa bando la usiku. Naweza kukuambia kisima gani cha Volve kilianza kutoa maji lini. Kuhusu Ngamia-1, kisima kilichotangazwa Machi 2012 nchi nzima ikashangilia, nina picha za viongozi tu.

Katiba inasema mafuta yaliyo ardhini ni ya umma, serikali kuu inayashikilia kwa niaba yetu. Basi na vipande vya mwamba vilivyotolewa kwenye visima, na sampuli za mafuta, na vipimo vya msukumo na joto, navyo viwe vyetu. Vipelekwe kwa vyuo vyetu, vile vyenye vifaa na hata vile vyenye mizani moja. Kuna wanafunzi wa kemia hapa wanaofanya miradi ya mwisho juu ya vitu ambavyo hakuna atakayevitumia, wakati tuna mafuta yenye nta ambayo ni maalum na yanahitaji jibu lake.

Na viungo tunavyo, hiyo ndiyo inanichekesha. Maganda ya mpunga ya Mwea yakichomwa, sehemu kubwa ya majivu yake ni silika, na kutengeneza chembe nano kutoka kwa majivu hayo ni kemia inayojulikana duniani. Gilgil kuna daiatomaiti, ambayo pia ni silika. Magadi tunachimba magadi soda, sodiamu kaboneti, alkali ile isiyo kali ambayo hutumika kwenye michanganyiko kama ya Daqing badala ya ile iliyoleta ukoko. Sisemi vitafaulu kwenye mafuta ya nta. Huenda alkali isisaidie sana, kwa sababu inategemea asidi iliyo ndani ya mafuta yenyewe. Lakini hilo ni jambo la kupimwa, na kupima ni kazi, na kazi ndiyo tunatafuta kila siku.

Najua kuna wenzangu wa mazingira watasema acheni yote chini, kwa nini mnatafuta mbinu za kutoa zaidi. Nawaelewa, na joto la dunia haliulizi mafuta yalitolewa kwa teknolojia gani. Ila uamuzi wa kuchimba unafanywa na watu wasiotusikiliza, wewe wala mimi. Kama visima vitakuwepo, afadhali vichache vinavyotoa zaidi kuliko kila mwaka kuongeza vipya kwenye malisho ya watu. Tunaweza kubishana hilo kwenye maoni hapa chini, sitakasirika.

Kwa sasa ninachotaka ni kidogo sana. Jaribio la kwanza la kemia hii halihitaji hata lori. Linahitaji kipande cha mwamba wa Lokichar cha urefu wa kidole, lita chache za mafuta yake, mtungi wa maji ya Turkwel, na oveni inayoshikilia joto. Oveni nyingi za vyuo zinafanya kazi, hilo nimeliona kwa macho yangu.